Asiyeleta debe la mahindi, mtoto wake ashinde njaa shuleni?

Baba Neema, Bahi
Habari za jioni wakuu. Kamati ya shule yetu imepitisha mzazi atoe kwa kila mtoto debe moja la mahindi, kilo tano za maharage na 5,000 ya mpishi. Jina lisipoonekana kwenye daftari, mtoto hapakuliwi. Mimi nina watatu pale. Naomba tujadili: mchango huu uwe lazima kisheria, au ubaki hiari?

Nkuhungu Kwetu
Elimu bila malipo haikusema chakula bila malipo, soma waraka wa elimu wa 2015. Mzazi mwenye simu ya kuandika humu hashindwi debe.

Baba Neema, Bahi
Simu nimepewa na mdogo wangu, uache kunipekua mfukoni. Madebe matatu ni nusu gunia. Nusu gunia kwangu ni chakula cha nyumba nzima.

Mtumishi wa Mtumba
Tusichanganye. Waraka Na. 5 wa 2015 ndio uliofuta ada na michango kuanzia Januari 2016. Majukumu ya mzazi, sare, madaftari na chakula kwa shule za kutwa, yako kwenye Waraka Na. 3 wa 2016. Na serikali imerudia mara nyingi kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango.

Nkuhungu Kwetu
Hajarudishwa nyumbani. Amenyimwa kande tu.

Mama Chemba
"Tu"? Mtoto ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, hajatia kitu tumboni, anasikia harufu ya kande mpaka saa saba, wewe unaandika "tu". Wako anasoma wapi?

Bibi wa Mpwapwa
Mbukwenyi wanangu. Mimi naona kosa liko kwenye mwezi. Huku kwetu mvua ni moja, inaanza Desemba na kuisha Aprili. Mnamdai mtu mahindi Januari, wakati ghala limebaki vumbi na anadaiwa sare na madaftari. Ombeni Juni, uwele na mtama umeshapurwa, kila mtu anacho. Zamani tulikuwa na shamba la shule, mavuno yakaingia stoo kabla hayajafika mnadani. Na kwa nini lazima mahindi? Ardhi yetu inapenda mtama.

Kijana wa Chang'ombe
Mnazunguka. Mwalimu mkuu wa msingi anapokea posho ya madaraka 200,000 kila mwezi. Anunue maharage. Na wote tunajua chakula cha stoo kinaliwa na walimu kwanza.

Mwalimu, Kongwa
Nilikuwa nasoma kimya, sasa umenigusa. Mimi ni mwalimu mkuu. Posho hiyo ilianza 2016, na nitakueleza inakwenda wapi. Nauli ya kwenda halmashauri na kurudi, bando la kujaza taarifa za shule kwenye mifumo ya serikali, bodaboda ya kumfuata mzazi ambaye mwanawe hajaonekana wiki mbili. Shule yangu haina mhasibu, haina karani, haina mtunza stoo. Wote hao ni mimi. Ukija mradi wa darasa, napokea saruji, nahesabu nondo, nasimamia fundi, na kipindi cha Hisabati darasa la sita ni changu pia.

Ruzuku ya serikali kwa shule ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati yake ni ya vitabu, haipiti kwangu. Inayobaki ni 500 kwa mwezi kwa mtoto. Nina watoto 600, piga hesabu: 300,000. Hiyo ni chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichong'oka, michezo. Fungu la chakula halimo. Halafu unaniita mwizi wa maharage.

Kijana wa Chang'ombe
Sijakutaja jina, mwalimu. Nimesema wapo.

Mwalimu, Kongwa
Umesema "wote tunajua".

Mwalimu wa Zamu
Mimi namuunga mkono mkuu wangu, ila tuwe wakweli: walau yeye ana posho. Mwalimu mkuu msaidizi je? Mwalimu wa taaluma je? Mimi nina darasa la watoto 112, wakati kipimo ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Nasahihisha madaftari mpaka kibatari kinaishiwa mafuta. Sijawahi kuona hata 5,000 ya ziada.

Mama Chemba
Mdogo wangu, pole sana. Ila tulikuwa kwenye chakula.

Mwalimu wa Zamu
Dada, ndiko niliko. Mtoto mwenye njaa analala kipindi changu cha saa nane, na matokeo yakishuka anayeitwa kujieleza ni mimi.

Nkuhungu Kwetu
Miaka ya 2000 shule nyingi za Dodoma na Singida zilipata chakula cha WFP, Mpango wa Chakula Duniani. Wazazi wakazoea kupewa. Ndiyo shida.

Mtumishi wa Mtumba
Hapana. Walipewa kwa sababu ya ukame, na watoto walijaa madarasani. Tusiwatukane wazazi kwa kula wakati wa njaa.

Kijana wa Chang'ombe
Sawa, mwalimu, nafuta neno "wote". Lakini daftari la stoo libandikwe ukutani: limeingia nini, limetoka nini, nani amepima. Debe lenyewe lipimwe kwa mizani kama soko la nafaka Kibaigwa, maana kuna debe na kuna debe lililobonyezwa.

Mwalimu, Kongwa
Nalibandika kila Ijumaa. Karibu usome.

Baba Neema, Bahi
Nimesoma yote. Mkuu, sina ugomvi na posho yako. Naomba unijibu kimoja tu: kwako, asiyeleta debe anakaa wapi wenzake wanapokula?

Mwalimu, Kongwa
Kaka, kamati yangu nayo ilipitisha kama yenu, na mimi niliweka sahihi. Kengele ya chakula ikigongwa, wanakwenda bombani kunywa maji, wanakaa nyuma ya darasa la tatu. Ofisi yangu ina dirisha upande huo. Leo walikuwa kumi na tisa.

Baba Neema, Bahi
Kikao chetu ni Jumamosi. Nitakwenda na neno la bibi, la Juni na mtama.