Mrejesho: samaki wangu aliyekuwa anaelea tumbo juu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu samaki wangu wa dhahabu, yule mnene, aliyekuwa anaelea tumbo juu; akijilazimisha kuzama anaibuka tena kama kizibo. Wengi mlihisi ni hitilafu ya kibofu cha hewa, kile kifuko cha ndani kinachomsaidia samaki kuelea na kuzama.

Nilianza na kumfungisha siku 3 bila chakula. Roho iliniuma, maana kila nikipita ananifuata kwa macho. Siku ya 4 nikampa njegere moja iliyochemshwa, nikaimenya ganda na kuiponda. Jioni kinyesi kikamtoka, kirefu kama uzi. Kesho yake akaanza kuzama, upande upande, lakini anazama.

Uliyesisitiza nipime maji kwanza, niwie radhi kwa kukubishia. Kwa macho maji yalikuwa safi kabisa, kumbe amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) imefika miligramu 0.5 kwa lita badala ya 0! Nikawa nabadilisha robo ya maji kila siku, natia mapya yaliyoondolewa klorini, hadi amonia ikaisha. Chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, ya kulegeza tumbo) nayo niliijaribu, ila sikuona ilichosaidia. Labda niliianza akiwa tayari ana nafuu.

Hajapona kabisa, nisiwadanganye. Akivimbiwa, au akidaka chakula kinachoelea, anapinduka tena kwa saa moja hivi. Sasa nampa chembe za kuzama, nazilowesha kwanza, kidogo kidogo mara mbili kwa siku.

Asanteni sana, hata wewe uliyeshauri nimuue asiteseke. Sikukuchukia. Ila asubuhi hii nimemkuta anafukua kokoto.