Gari lililotumika lenye uthibitisho na dhamana ya kampuni: je, nyongeza ya bei ina maana?

MsafiriMakini ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajamvi. Nimepata gari lililotumika ambalo lina miaka minne tangu liuzwe likiwa jipya, na odometa yake inasoma kilomita 118,000. Muuzaji, ambaye ni wakala rasmi wa kampuni iliyolitengeneza, anasema limekaguliwa na kuthibitishwa, na kwa sababu hiyo bei yake inazidi kwa karibu sehemu moja ya kumi bei ya gari la aina na mwaka uleule linalouzwa na mtu binafsi. Karatasi aliyonipa imeandikwa kwa herufi kubwa "miaka 7 au kilomita 160,000, injini na giaboksi", na chini yake, kwa herufi ndogo, "miezi 12 kwa sehemu nyinginezo". Mimi huendesha wastani wa kilomita 2,000 kwa mwezi. Naomba ushauri wa waliowahi kununua kwa utaratibu huu: ninalipia usalama wa kweli, au ninalipia muhuri tu?

FundiMstaafu amejibu:

Ndugu, kabla ya kuuliza kama dhamana hiyo ina thamani, uliza kwanza imeanza kuhesabiwa lini, maana hapo ndipo wanunuzi wengi huachwa kwenye mataa. Mipango mingi ya namna hii huhesabu dhamana ya injini na giaboksi kuanzia siku gari lilipouzwa likiwa jipya, si siku utakayokabidhiwa ufunguo wewe. Mpango wa Toyota nchini Marekani, kwa mfano, una ngazi inayotoa miaka 7 au maili 100,000, yaani takriban kilomita 160,000, tangu gari lilipoanza kutumika. Ni ile dhamana pana zaidi, ya miezi 12 au maili 12,000, ndiyo inayoanza siku ya ununuzi. Ikiwa masharti yako yanafanana na hayo, katika ile miaka saba minne imekwisha kuliwa, na kilomita zilizobaki ni 42,000. Zigawe kwa 2,000 zako za kila mwezi, utapata miezi 21. Herufi kubwa zinasema miaka saba, kalenda inasema mitatu, na odometa inasema haifiki hata miwili. Ungekuwa mtu wa kutoa gari Jumapili tu, ningekushauri vingine.

Angalia pia kinachoachwa nje. Pedi za breki, klachi, tairi na betri huhesabiwa kuwa vitu vya kuchakaa, na kwa kawaida hakuna anayekulipia hivyo. Kompresa ya kiyoyozi, mota za madirisha, sensa na skrini mara nyingi zitakuwa juu yako miezi 12 ikiisha. Nilipokuwa gereji, magari ya umri huo yaliyoletwa yakivutwa kwa kamba yalikuwa machache sana kuliko yaliyoletwa kwa taa moja ya dashibodi iliyokataa kuzimika.

Mizania amejibu:

Fundi amesema kweli kuhusu tarehe. Mimi naongeza kwamba ile sehemu moja ya kumi imefunga pamoja vitu vitatu ambavyo inafaa uvipime kimoja kimoja: ukaguzi, matengenezo yaliyofanywa kabla ya kuuza, na dhamana yenyewe. Ukaguzi unaweza kuupata kwa fundi huru asiye na maslahi na muuzaji, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na nyongeza unayotajiwa. Matengenezo nayo yadai kwa maandishi: tairi zilibadilishwa lini, na breki zilikutwa zimebaki unene gani. Baada ya hapo ndipo utajua dhamana peke yake unauziwa kwa kiasi gani.

Usidhani pia kwamba neno "limekaguliwa" linamaliza kila kitu. Mwaka 2016 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na General Motors na makundi mawili ya wauzaji yaliyokuwa yakitangaza ukaguzi wa kina, ilhali baadhi ya magari yao yalikuwa na kasoro za usalama ambazo mtengenezaji alikwisha kutangaza zirekebishwe na zilikuwa hazijarekebishwa. Chukua namba ya chesisi uihakiki mwenyewe.

Kama unanunua kwa mkopo, kumbuka kwamba nyongeza hiyo nayo italipiwa riba. Hata hivyo, baadhi ya watengenezaji hutoa riba nafuu kwa magari yaliyothibitishwa tu, na nafuu hiyo huweza kurudisha sehemu nzuri ya tofauti ya bei. Omba hesabu zote mbili, ya mkopo wao na ya mkopo wa kwingine.

Yalinikuta amejibu:

Mimi nilinunua kwa utaratibu huo. Mwezi wa tisa giaboksi ilianza kugonga kila ilipotoka gia ya pili kwenda ya tatu, hasa injini ikiwa baridi. Nilipodai, kitu cha kwanza nilichoombwa ni risiti za kubadilisha oili, nami nilikuwa na mbili tu kati ya tatu. Ilichukua wiki tano za kuandikiana barua, wakakubali kulipa vipuri, nami nikalipa ufundi. Sijutii kununua, kwa sababu giaboksi nzima ingenigharimu zaidi ya ile nyongeza, lakini tangu siku hiyo risiti zangu hukaa kwenye bahasha ndani ya gari, hata ya lita moja ya oili.

MsafiriMakini amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimemuuliza muuzaji tarehe ya kuanza, naye amekiri, baada ya kupekua faili lake kwa muda, kwamba ni ile ya mauzo ya kwanza. Nimemwambia kwamba nitalipa nusu ya nyongeza, kwa sharti kwamba fundi wangu aliinue gari na kulitazama chini kabla sijasaini. La ukaguzi amelikubali palepale. La bei amesema atanijibu keshokutwa.