Msaada tutani: elektroni zangu zinakufa mapema, au reli inanidanganya?

Kisiki_cha_Mpingo:
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa uzamivu huku Ujerumani, napima filamu za perovskaiti, zile za kutengenezea seli za sola. Leza ni ya titani-safaya, nanomita 800, mapigo 1,000 kwa sekunde, kila pigo kama femtosekunde 40 (femtosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara milioni bilioni; elfu moja zake ni pikosekunde, na pikosekunde elfu moja ni nanosekunde). Mwanga naugawa. Sehemu moja inapita kwenye kristali na kutoka zambarau ya nanomita 400, hiyo ndiyo inayochochea elektroni. Sehemu ya pili naigeuza mwanga mweupe, ndiyo inayokuja kupima.

Pigo la kuchochea linapita kwenye reli yenye kioo cha kona. Nikiifupisha njia kwa kusogeza reli milimita 1, pigo linawahi mbele ya lile la kupima kwa pikosekunde 6.7 zaidi, maana mwanga unakwenda na kurudi. Reli ina sentimita 15, kwa hiyo nafika nanosekunde 1.

Sasa tatizo. Kwenye nanomita 750 mwanzo ni mzuri kabisa: elektroni zinachochewa, zinapoa ndani ya pikosekunde moja hivi, kisha mstari wa grafu, unaoonyesha elektroni zilizobaki, unatulia. Ukivuka pikosekunde 300 unaanza kudondoka, na kufika 900 imebaki robo. Msimamizi wangu anasema ni kasoro za filamu zinazonasa elektroni. Mimi roho inasita. Filamu hizo hizo, tukipima mng'ao wake kwenye chombo kingine, zinawaka kwa nanosekunde mia kadhaa. Zinawakaje kama elektroni zilishakufa?

Bando_la_Usiku:
Elektroni zinaisha kama bando langu mkuu, ukigeuka tu hazipo 😂

Fundi_Sola:
Mkuu, punguza nguvu ya pigo la kuchochea hadi nusu. Ukichochea kwa nguvu sana elektroni zinajazana, zinakutana na matundu (nafasi zilizoachwa wazi na elektroni zilizochochewa) kwa wingi na kuisha haraka. Ukipunguza, mteremko ukawa mpole, basi ni hilo.

Kisiki_cha_Mpingo:
Nilishapunguza hadi nusu, kisha robo. Umbo ni lile lile. Nikiweka mistari yote mitatu juu ya mwenzake huwezi kuitofautisha.

Bi_Vioo:
Hapo ndipo penye utamu. Fundi hajakosea, ila jibu hilo linaacha washukiwa wawili. Mitego ya kwenye filamu, yaani hizo kasoro zinazonasa elektroni, haijali sana nguvu, na reli iliyopinda haijali kabisa. Msimamizi wako kachagua mmoja bila kumhoji mwingine.

Mdogo wangu, toa sampuli. Pale pale ilipokuwa weka kitundu cha mikromita 50, nyuma yake kipima nguvu. Lenga pigo la kuchochea lipite katikati reli ikiwa mwanzo, kisha isogeze hadi mwisho huku unaandika namba. Kama njia imenyooka, namba haibadiliki. Ikishuka, ujue doa la mwanga linatembea: mwishoni mwa reli unachochea sehemu moja ya filamu na kupima nyingine.

Mimi niliwahi kuandika kurasa nane kuhusu "mitego" kabla sijafanya jaribio hili la nusu saa. Kurasa zote nane zilikuwa zinaeleza skrubu ya kioo.

Mgeni_Njiani:
Samahani wakubwa, mie si wa fani. Kamera gani hiyo inanasa femtosekunde?

Bi_Vioo:
Hakuna, ndugu yangu, na ndiyo maana tunahangaika na reli. Katika femtosekunde 1 mwanga unakwenda mikromita 0.3 tu, wakati unywele wako una makumi ya mikromita. Kwa hiyo badala ya kupima muda tunapima umbali. Kila reli inaposimama tunapata nukta moja, tunasogeza, tunapata nyingine. Ahmed Zewail, yule Mmisri aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1999, alifuatilia molekuli zikivunjika kwa njia ya aina hii. Sisi tunazichungulia elektroni ndani ya kitu kigumu.

Kisiki_cha_Mpingo:
Nimerudi, saa nne usiku, bado niko maabara. Dada, nguvu kupita kitunduni: mwanzo wa reli miliwati 1.2, mwisho wa reli 0.3. Robo! Ile ile robo niliyokuwa naiita elektroni.

Nimelenga upya kwa vioo viwili vilivyo kabla ya reli: reli ikiwa karibu nagusa kioo cha kwanza, ikiwa mbali nagusa cha pili, nenda rudi kama mara kumi na tano, mpaka doa likaacha kutembea kwenye kadi niliyobandika ukutani. Pia nimelipanua doa la kuchochea liwe pana kuliko la kupima, ili hata likicheza kidogo lisinidhuru. Nimerudisha filamu. Kwenye pikosekunde 900 zimebaki zaidi ya tisa ya kumi.

Fundi_Sola:
Hongera mkuu. Filamu ni nzima basi!

Kisiki_cha_Mpingo:
Nzima kabisa. Shida iliyobaki ni kwamba ule mteremko wa zamani uko kwenye slaidi ya msimamizi, na anasafiri nayo kesho asubuhi. Naanzaje hiyo barua pepe?

Bi_Vioo:
Anza na picha ya kitundu. Na itume sasa hivi, usisubiri alfajiri.