Tupeane uzoefu: ARV na maisha ya ziwani, ulikosea wapi na ulirekebishaje?

MamaDagaa
Mwangaluka wadau. Natumia ARV, dawa za kufubaza VVU, tangu 2013, kazi yangu ni dagaa, Kirumba Mwaloni, Mwanza. Nilianza na ile ya efavirenz ya kumeza usiku, ndoto zake aliyeimeza anazijua. 2019 nikabadilishiwa TLD, kidonge kimoja ndani yake mna tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Miaka yote hiyo virusi havionekani.

Mwaka jana majibu ya HVL, kile kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, yakaja: nakala 2,300. Nililia palepale kwenye benchi. Sikuwa nimeruka hata siku moja, na nilijua hakuna atakayeniamini. Mshauri akaniuliza namezaje, nikamwambia saa 3 usiku, simu inalia, nameza. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na kitu gani kingine unameza saa hizo?"

Hilo sikuwahi kuulizwa. Nina vidonda vya tumbo. Kila usiku baada ya ugali natafuna magneziamu viwili, kisha TLD hapohapo. Kumbe magneziamu na aluminiamu zilizomo kwenye dawa za kiungulia zinaikamata dolutegravir tumboni, haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Miezi yote ile nilikuwa nameza dawa ambayo sehemu kubwa ilikuwa inapotea. Akanipangia: TLD itangulie, magneziamu ifuate baada ya masaa 2. Nikiwa nimeshatafuna magneziamu kwanza, basi nisubiri masaa 6 ndipo nimeze TLD. Kipimo kikarudiwa baada ya miezi 3, havionekani.

Nimefungua uzi huu kwa sababu wengi tumefundishwa kutoruka dozi tu. Tusimulie pale tulipojikwaa. Nani alimwambukiza nani tuyaache, hayatusaidii.

Karabai
Asante mama kwa uzi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, kambi zetu ziko visiwa vya Ukerewe. Niseme yangu kwa urefu kidogo maana wavuvi wengi wanapotelea hapa.

Nilipoanza nilipangiwa saa 3 usiku. Wanaojua dagaa wanaelewa: saa 3 usiku wakati wa giza, zile siku zisizo na mwezi, niko majini, taa zimewashwa, tuko watu wanne kwenye mtumbwi na hakuna anayejua hali yangu. Mwanzoni nilikuwa nafunga kidonge kwenye karatasi, nakitia mfukoni. Mawimbi yakipiga mara moja, karatasi inalowa, kidonge kinakuwa uji. Nikawa nasema nitameza nikirudi. Nikirudi alfajiri nina usingizi, samaki wanataka kuanikwa, imepita. Kwa mwezi nilikuwa naruka siku nane, siku kumi.

Nilichobadilisha ni saa. TLD haijali usiku wala asubuhi, haijali umekula au hujala, inachotaka ni kila siku wakati uleule. Sasa nameza saa 10 jioni kabla hatujasukuma mtumbwi. Mkebe wenyewe unabaki kambini, umefungwa vizuri, na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu sikitoi.

La pili ni tarehe za kliniki. Zamani nilipewa mwezi mmoja mmoja, na tarehe ikiangukia kwenye giza nachagua: kliniki au hela ya watoto. Unajua nilichagua nini. Siku moja nikamwambia muuguzi ukweli, kwamba sisi tunapumzika wakati wa mbalamwezi. Hakunigombeza. Akachukua kalenda tukahesabu pamoja, akanipa dozi ya miezi mitatu na tarehe inayoangukia mbalamwezi. Baadaye virusi vilipofubaa nikapewa ya miezi sita. Toka hapo sijawahi kuitwa mtoro. Mvuvi mwenzangu, mwambie muuguzi wako habari za mwezi, yeye hawezi kuzijua kama ni mtu wa mjini.

Nyamongo77
Karabai umesema. Kambini kwetu kuna kuazimana dawa, mwenzio zikimwisha unamgawia tatu nne. Tulifanya kwa upendo. Lakini jamaa mmoja alikuwa mstari wa pili, yaani alishabadilishiwa baada ya dawa za kwanza kushindwa, dawa zake tofauti kabisa, akameza zetu wiki mbili akijua ni zilezile. Usiazime. Ukikwama mbali nenda na kadi yako ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) kituo kilicho karibu, mimi nilionyesha kadi nikapewa za kunifikisha nyumbani.

Mama Pacha wa Igombe
Mimi nilijikwaa nikiwa mjamzito. Kliniki ya wajawazito nilipewa FEFO, zile za kuongeza damu, nikawa nameza pamoja na TLD asubuhi kabla ya chai, tumbo tupu. Nilidhani navimaliza kwa pamoja nisisahau. Nesi alipoona akasema madini ya chuma yanafanya yaleyale ya magneziamu ya MamaDagaa, na vidonge vya kalsiamu pia. Tofauti ni kwamba hivi ukivimeza pamoja na chakula havina shida. Kwa hiyo nilihamishia vyote kwenye mlo wa mchana. Wanangu walipewa dawa ya maji ya nevirapini wiki 6 za mwanzo, wakapimwa, na baada ya kuacha kunyonya wakapimwa tena. Wote hawana. Wapo darasa la pili sasa.

Mtoa dawa
Nafanya kazi dirishani, naomba niongezee machache, kisha niwaachie wenyewe.

Anayetumia metformin ya sukari aseme, kwa sababu dolutegravir inaipandisha kwenye damu. Kwa kawaida hatuvuki miligramu 1,000 kwa siku. Anayetumia dawa za kifafa kama kabamazepini au fenitoini naye aseme, hizo zinaishusha dolutegravir. Mwenye matatizo ya figo asifiche, tenofovir inapita huko. Na jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha: tenofovir na lamivudini zinafubaza pia homa ya ini aina ya B. Mwenye homa hiyo akijiachisha TLD ghafla, ini linaweza kuwaka vibaya sana.

Ukisahau dozi, meza ukikumbuka. Ila kama yamebaki chini ya masaa 4 kufikia dozi inayofuata, subiri hiyo. Usimeze mbili kufidia.

Fundi Sengerema
Hiyo ya "usimeze mbili" iliniponza mimi. Nilipata TB, nikaanza dawa zenye rifampisini, na CTC wakaniongezea kidonge kingine cha dolutegravir miligramu 50, nikimeze masaa 12 baada ya TLD. Nyumbani nikasema hapa wamekosea, watanipa sumu. Kile cha pili nikawa nakiweka kwenye kopo, wiki tatu. Mke wangu ndiye aliyelibeba lile kopo akaenda nalo kituoni bila kuniambia. Nilikasirika siku ile, leo namshukuru. Tukaelezwa kwamba rifampisini inafanya mwili uiondoe dolutegravir haraka, ndiyo maana inarudiwa mara ya pili. Nikaendelea nacho mpaka wiki mbili baada ya kumaliza dawa za TB. Kama mtu angenieleza *kwa nini* siku ya kwanza, nisingekaa wiki tatu na hofu.

MamaDagaa
Fundi pole sana, na mpe pole shemeji yetu kwa kubeba siri hiyo. Kopo hilo limenigusa. Mimi marehemu dada yangu 2011 alikwenda Loliondo kwenye kikombe cha dawa ya Babu, akaziacha dawa akiamini amepona. Alirudi kliniki amekonda, wakampokea vizuri, lakini muda ulikuwa umekwenda. Simlaumu. Alikuwa amechoka na alitaka kusikia kwamba imeisha.

Kijana_Mpya
Shikamooni. Mimi nina wiki tatu tu tangu nianze, nipo Nyegezi. Nameza usiku na silali kabisa, kichwa kinauma. Je, niache kwanza? Na kuna kitu kingine. Mama hajui. Anaona nimepungua, ananichemshia mizizi kutoka kijijini, nakunywa jioni nisimuumize moyo.

Karabai
Marahaba mdogo wangu. Usiache. Waombe kliniki uhamishie asubuhi, wengi wanaokosa usingizi na dolutegravir hupata nafuu hivyo, na kwa wengi hupungua wiki zinavyokwenda. Kwangu ilichukua kama mwezi.

Mtoa dawa
Kijana, kichwa kikizidi, au ukatoka vipele, macho yakawa ya njano, usisubiri tarehe, nenda siku hiyohiyo. Kuhusu mizizi, hakuna atakayekugombeza. Ila hatuwezi kukisia kilichomo, na mingine inachezea ini na figo. Njoo nayo tuione, tuzungumze hata namna ya kumwambia mama, ukiwa tayari.

MamaDagaa
Mwanangu, ukitaka mtu wa kwenda naye, uliza WAVIU mshauri wa kituo chako, yaani mwenzetu anayeishi na VVU anayesaidia wengine. Mimi wa kwangu alinisindikiza miezi minne ya kwanza. Siku za mwanzo sikuweza hata kusema jina langu dirishani, alikuwa ananisemea.

Kijana_Mpya
Nashukuru mama, nashukuruni wote. Tarehe yangu ni Alhamisi. Nimeshajaza mizizi kidogo kwenye chupa ya maji, nitaibeba.