Mmeua bundi wa avenyi yetu, sasa msije kulilia panya

Wandugu, jambo. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyetaka apite.

Niko Bel-Air, komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Kwa jirani kuna nyumba ya zamani, plafo (dari) imeoza upande mmoja, na ndani ya plafo hiyo walikuwa wanaishi bundi wawili, wale wa rangi ya maziwa wenye macho meusi. Mwezi wa tano wakapata makinda. Sasa, makinda ya bundi huyu hayalii "huu huu" kama watu wanavyodhani. Yanakoroma. Yakidai chakula, ni mkoromo usiku kucha. Basi asubuhi moja mpangaji akatoka uani anatangaza: "Kuko mutu anakoroma mu plafo!" Kufikia saa nne pasta alishafika na chupa yake ya mafuta ya maombi, shefu wa avenyi (mkuu wa mtaa wetu) amesimama getini mikono nyuma, vijana wa kona wameshika miti. Ikakatwa kwamba yule si ndege, ni mulozi, yaani mchawi. Dume likaangushwa kwa manati. Makinda manne yakashushwa na kuchomwa pamoja na takataka. Mama yao aliruka akaenda zake, hajarudi.

Nilimwuliza shefu kwa heshima kabisa: "Papa Shefu, mulozi gani anataga mayai?" Akanijibu niache kiburi cha kusoma.

Haya, tuongee panya. Chini ya dari lile kulikuwa na madonge meusi, makubwa kama kidole gumba. Watu walisema ni dawa za uchawi. Nilichukua moja nikalichambua kwa kijiti juu ya gazeti: manyoya ya kijivu, mbavu nyembamba, na mafuvu matatu madogo yenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa. Panya watupu. Bundi humeza panya mzima, kisha mifupa na manyoya anayatapika yakiwa donge moja. Kila donge lililoanguka pale lilikuwa hesabu ya panya ambao hawakuingia katika unga wenu. Mngeokota mkahesabu, badala ya kumwaga mafuta.

Leo kila mtu avenyi nzima analia. Mfuko wa unga umetobolewa chini, waya wa taa umetafunwa, mtoto wa fulani ameng'atwa kidole cha mguu akiwa amelala. Mnajua wenyewe unga unavyopanda bei hapa malori yakichelewa kutoka Zambia. Bukari (ugali) imekuwa kitu cha kupigia hesabu, halafu tunagawana na panya! Na dawa mnayokimbilia ni ile ya vijana wanaopita wakiiuza kwa megafoni, pakiti haina hata jina. Panya akiila mara nyingi hafi papo hapo. Anayumba uani mchana kweupe, anakamatwa na paka wako, au na mwewe, au na bundi kama amebaki mmoja mahali. Naye anakufa. Kwa hiyo mmeua mwindaji kwa jiwe, na mwindaji atakayekuja baada yake mmeshamwekea sumu.

Na msiniambie ni pasta peke yake. Huku mjini tumepata ugonjwa wa kutaka parseli (kiwanja cha nyumba) iwe kavu. Kipindi cha baridi, mwezi wa sita na wa saba, kila nyumba inafagia majani na kuyachoma, mji mzima unakohoa. Ndani ya majani hayo ndimo chura analala akisubiri mvua, na chura ndiye anayekula wadudu wanaowasumbua kwenye taa. Bayeri wangu, yaani mwenye nyumba (Mungu amsaidie), ameng'oa ua wa miti na kumwaga simenti mpaka ukutani. Tulikuwa na vinyonga kwenye ua ule. Kinyonga hana sumu, haumi mtu akafa, hamfungi mwanamke uzazi. Anakula nzi na panzi, basi. Jike huchimba shimo kwenye udongo na kutaga mayai makumi, nayo hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Atachimba wapi kwenye simenti? Na mvua ikianza, maji yote ya uani yanaishia chumbani kwangu, lakini hiyo ni kesi nyingine, tutaonana mwisho wa mwezi.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kichuguu. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba, wakakibomoa chote kwa ajili ya matofali. Watu walewale, mvua ikikolea, wanasimamisha gari barabara ya Likasi kununua uyoga mkubwa, ule ambao kofia yake inaweza kufika mita 1 kwa upana. Mnadhani unapandwa na nani? Uyoga ule unatoka kwenye shamba ambalo mchwa wanalilima chini ya kichuguu. Hakuna mchwa, hakuna uyoga, hakuna kumbikumbi wa kukaanga. Popo nao mnawapiga mawe kwenye miembe, wakati ng'ambo ya mpaka, Kasanka, Zambia, popo wa matunda hukusanyika kwa mamilioni kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili na wageni wanalipa pesa kwenda kuwatazama.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 katikati ya msitu wa miombo. Bundi, kinyonga na mchwa walikuwa hapa kabla ya kiwanda cha shaba na bomba lake la moshi. Wageni ni sisi, na ndio tunaowafukuza wenyeji.

Najua atakuja mtu kuniambia "mila zetu". Kaka, wazee wetu kijijini waliogopa bundi, sawa, walimfukuza akilia juu ya paa. Sikuwahi kuona mzee anapanda darini kwenda kuchoma makinda.

Ninachotaka ni hiki. Natafuta fundi mbao wa Kampemba au wa komini ya Kenya hapa mjini atengeneze sanduku la bundi. Tundu liwe kama sentimita 13 kila upande, na liwe juu ya sakafu ya sanduku kwa sentimita 45 hivi ili makinda yasianguke. Litawekwa juu kwenye mwembe wangu, mbali na mkono wa mtu, na ubao nitanunua mimi. Pia nataka shefu wa avenyi aje mbele ya watu aseme kwamba mwenye kupanda tena dari la mtu kuua ndege atalipa. Fundi aandike hapa chini na bei yake. Wenye mafuta ya kumwagia mwembe wangu wabaki kwao.