Amekunywa chai yangu, kisha akaniambia mbele ya mama mkwe kwamba nyumba yangu haijafikia kiwango cha vifaa vyake

Mwenye Nyumba Goba

Wakuu, ninaandika mikono bado inatetemeka, kwa sababu mtu huyo ametoka getini kwangu nusu saa haijapita na kikombe alichonywea bado kiko mezani. Simtaji jina, wala hakuna haja, kwa kuwa kila aliyewahi kutafuta vifaa vya kuendesha nyumba kwa simu hapa Dar es Salaam ameshapita dukani kwake Kariakoo, pale penye taa zinazobadilika rangi mlangoni na kijana anayekuwekea soda baridi mkononi kabla hujauliza bei.

Amesimama sebuleni kwangu, kikombe cha chai yangu mkono wa kulia, kipande cha mkate wangu wa kumimina mkono wa kushoto, mama mkwe wangu ameketi hatua mbili mbele yake, akasema: "Mzee, tatizo si vifaa. Hii nyumba yako ndiyo haijafikia kiwango cha vifaa hivi."

Nyumba hii nimeijenga kwa miaka 9. Mama mkwe amekuja kutoka Moshi kutibiwa magoti, na nilinunua vifaa hivyo kwa ajili yake, ili akiamka usiku taa ya ukumbini iwake yenyewe asipapase ukuta, na mgeni akibisha mlango aufungue kwa kubonyeza simu bila kunyanyuka. Nilichukua kitasa cha betri, vihisi viwili vya mwendo, soketi moja ya kuchomeka na kile kisanduku cheupe cha kidhibiti, kinachopokea amri ya simu na kuvipelekea vifaa vingine. Soketi ilikufa jioni ya kwanza kwa harufu ya kuungua, akasema umeme wa kwangu ni mkali. Kitasa na vihisi havijaonekana kwenye kidhibiti hata siku moja. Amekuja mara tatu, na mara zote tatu nimemlipa nauli na ufundi. Kidhibiti amekihamisha kila mahali isipokuwa ndani ya sufuria ya wali. Leo tumekiweka juu ya kiti, karibu na kitasa kiasi cha kupitisha kiganja tu katikati, na bado kimetafuta mpaka kikachoka. Hapo ndipo alipomeza mkate, akanyanyua kikombe, akaitukana nyumba.

Alipoondoka, mama aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kama nyumba ina tatizo, si bora nirudi Moshi?" Wakuu, niambieni mtu wa aina hii anafanywa nini.

Keko Darajani

Pole sana, mkuu. Huyo huyo aliniambia kwamba bati langu linakunywa mawimbi, akaniuzia virudia mawimbi viwili, na vyenyewe havikukiona kidhibiti, akasema sasa ni nondo za lenta. Nilimwuliza kama anataka niishi kwenye hema. Hakujibu, alikuwa ananywa juisi.

Mtaa wa Pili

Mimi sitakubembeleza. Umenunua kiatu bila kuuliza namba, sasa unamlaumu muuzaji kwamba kinabana. Kabla ya kutoa fedha ulipaswa kuuliza kila kifaa kinazungumza lugha gani: ni Wi-Fi, ni Zigbee au ni Z-Wave, na kidhibiti kinaelewa ipi. Vilevile mtu aliyekula fedha zako mara mbili humkaribishi chai mara ya tatu.

Mwenye Nyumba Goba

Niliuliza, na alinijibu kwamba vyote ni Z-Wave na vinaelewana kama ndugu wa tumbo moja. Maboksi yote yana alama hiyo. Kuhusu chai, kwetu mtu aliyeingia sebuleni anakaribishwa, na ndiyo maana neno lile limenichoma. Angelisema getini ningelisahau. Amelisema kikombe kikiwa mkononi, mzazi wa mke wangu akisikia.

Waya Tatu

Mkuu wa Goba, acha kwanza habari ya kikombe, shika kitasa. Nina maswali mawili. Je, vifaa hivi ni vipya au vilishatumika kwa mtu mwingine? Kifaa cha Z-Wave kilichosajiliwa kwenye kidhibiti cha zamani hakiingii kwenye kipya mpaka kiondolewe kwanza, ingawa kidhibiti chochote cha masafa yale yale, yaani idhaa ileile ya mawimbi, kinaweza kukiondoa, hata kama si kilichokisajili. La pili ni muhimu zaidi: geuza kitasa, fungua kifuniko cha betri, usome maandishi madogo. Unatafuta namba inayofuatwa na MHz, yaani megahezi, kipimo cha masafa hayo. Kisha soma kibandiko cha chini ya kidhibiti, na cha ile soketi iliyoungua soma volti.

Ninauliza kwa sababu umeandika kwamba mlikisogeza kidhibiti kikawa kiganja kimoja kutoka kwenye kitasa. Ukuta wa saruji hupunguza nguvu ya mawimbi, na bati na nondo huyarudisha yalikotoka, hilo ni kweli. Lakini katika nafasi ya kiganja kimoja ukuta uko wapi? Nondo iko wapi? Fundi aliyeona hali hiyo kwa macho yake na bado akailaumu nyumba, ama hajui kazi ama alijua na akakuficha.

Mwenye Nyumba Goba

Nimesoma kwa kuazima miwani ya mama mkwe. Kitasa kimeandikwa 908.42. Vihisi vyote viwili 908.42. Kidhibiti kimeandikwa 868.42. Soketi imeandikwa volti 120.

Waya Tatu

Basi nyumba yako haina kosa lolote, na mwambie mama hivyo usiku huu kabla hajalala.

Z-Wave haitumii masafa yaleyale dunia nzima. Toleo la Ulaya huzungumza kwenye megahezi 868.42, la Marekani kwenye 908.42, na kwa kawaida mnunuzi hana mahali pa kuyabadilisha masafa hayo kwenye kitasa au kihisi cha namna hiyo. Umeuziwa kidhibiti cha Ulaya na vifaa vya Marekani: mmoja anaita kwenye idhaa moja na mwenzake anasikiliza nyingine, hata ukivifunga pamoja kwa kamba. Soketi nayo ni ushahidi wa jambo hilohilo, kwa sababu imetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hapa kwetu ni 230. Umeme wa kwako si mkali. Ni umeme wa nchi nzima.

Tena lipo baya zaidi. Mtandao wa simu wa GSM 900 hutumia masafa ya megahezi 890 hadi 915 kupeleka mawasiliano kutoka kwenye simu kwenda mnarani, na 908.42 imekaa katikati yake. Usikubali akuletee kidhibiti cha Marekani ili vielewane, maana atakuwa ameweka nyumbani kwako kifaa kinachopiga kelele katika njia ya simu za jirani zako. Rudisha vyote, na udai vyenye 868.42 au fedha zako. Akikataa, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji.

Mwenye Nyumba Goba

Kwa hiyo alisimama pale, chai yangu mkononi, akijua au asijue kwamba bidhaa zake ndizo zisizoelewana, akaielekezea kidole nyumba niliyoitolea jasho miaka 9. Nimemwambia mama. Amecheka, kisha akasema, "Kumbe hata mkate alikula wa bure." Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwake, chini ya zile taa za rangi, na nitaisoma ile namba kwa sauti mbele ya wateja wote.

Mtanga wa Minneapolis

Naomba tusitukane vifaa vya Marekani, kwa sababu mimi niko huku na nimemtumia kaka yangu Tanga kitasa cha namna hiyo kwa upendo, na mpaka leo haongei nami vizuri. Anasema nimemtumia takataka. Hakuna aliyeniambia habari ya masafa, na dukani huku hawaandiki kwamba kifaa hakifai kwingine. Nimelipa usafirishaji kuliko bei ya kitasa chenyewe.

Waya Tatu

Ndugu wa Minneapolis, ukitaka kutuma tena, tuma vya Zigbee vinavyotumia betri. Zigbee hutumia gigahezi 2.4 huko na huku.

Mama Wawili Tabata

Nyinyi mnalilia kitasa kisichofunguka, mimi nina balbu zinazojifanyia zitakavyo. Umeme ukikatika usiku na kurudi saa tisa, balbu zote 11 zinawaka kwa pamoja kwa nguvu zao zote, watoto wanaamka wakidhani kumekucha na mdogo anatafuta sare za shule. Juzi umeme ulikatika na kurudi kama mara tano kwa dakika moja, na tangu hapo balbu 4 zimetoka kwenye programu na zinapepesa tu. Nilipopeleka malalamiko kwa aliyeniuzia (si wa Kariakoo, ni mwingine, na mnamjua pia), aliniambia nizifunike kwa kitambaa. Kitambaa!

Waya Tatu

Mama, hizo 4 hazijaharibika. Balbu nyingi za aina hii zimewekwa hivi: ukizizima na kuziwasha mara kadhaa mfululizo, zinafuta kumbukumbu na kusubiri kuunganishwa upya. Umeme ulipocheza, zilidhani ni wewe. Ziunganishe tena. Ama zile za saa tisa, tafuta ndani ya programu sehemu inayosema balbu ifanye nini umeme unaporudi, uchague ibaki katika hali iliyokuwa nayo. Si kila toleo lina sehemu hiyo. Kama la kwako halina, usinunue tena toleo hilo hata kwa nusu bei.

Nyali Mwisho

Huku Mombasa mimi nimechoka na jambo jingine. Bando likiisha, taa za sebuleni haziwaki kwa simu, ilhali simu, ruta na taa vyote vimo ndani ya chumba kimoja. Amri inatoka kwenye kidole changu, inavuka bahari hadi kwenye mashine za mtengenezaji, kisha inarudi kuwasha taa iliyo juu ya kichwa changu. Aliyeniuzia aliniambia ninunue bando kubwa zaidi. Mwanzoni hata kuziunganisha nilishindwa siku mbili, mpaka mpwa wangu aliponionyesha kwamba simu ilikuwa kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5 nazo taa zinaijua 2.4 peke yake. Muuzaji hakulisema hilo.

Mtaa wa Pili

Ndiyo maana mimi nilihamia Zigbee na kidhibiti kinachofanya kazi humu humu ndani. Ninatumia Home Assistant, programu ya bure iliyoanza mwaka 2013, kwenye kompyuta ndogo, na intaneti ikikatika taa zangu hazina habari. Lakini nami nina donda langu: kila jioni nusu ya vihisi hupotea, na muuzaji amenitukana kwamba labda watoto wangu wanavichezea.

Waya Tatu

Kipokezi chako cha Zigbee umekichomeka moja kwa moja kwenye tundu la USB 3 la kompyuta? Tundu hilo hutoa kelele katika masafa ya 2.4. Nunua waya wa kurefusha wa mita moja au mbili, ukiweke mbali na kompyuta na mbali na ruta. Kisha tazama njia, yaani kipande cha masafa ambacho Zigbee yako inazungumzia. Zigbee ina njia 16, kuanzia 11 hadi 26, na Wi-Fi ya njia ya 1, 6 au 11 huzifunika nyingi. Zinazopona katikati ni 15, 20 na 25. Jioni ndipo majirani wote wanapowasha Wi-Fi zao, hivyo watoto wako waombe radhi.

Mtaa wa Pili

Nimekichomeka hivyo hivyo. Kesho nitatafuta waya.

Mwenye Nyumba Goba

Wakuu, nimerudi kutoka Kariakoo. Nimeisoma ile namba kwa sauti. Amechukua kitasa, vihisi na soketi, na ameandika kwa mkono wake kwamba ataniletea vya 868.42 na soketi ya volti 230 wiki ijayo. Kuhusu lile neno alilosema akiwa na kikombe changu, hajaomba radhi. Je, nisubiri vifaa, au nidai radhi kwanza?

Keko Darajani

Samahani kuingilia. Mimi nimeacha mambo ya mawimbi, nimenunua swichi ya ukutani ya kuwekwa kwenye kisanduku kilekile cha zamani, na fundi anasema inataka nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, na kwangu hakuna nyutro kwenye swichi hata moja. Anataka kutumia waya wa ethi badala yake. Ni sawa?

Waya Tatu

Si sawa hata kidogo, na fundi huyo asirudi. Akitumia ethi kama nyutro, umeme utakuwa unatembea kwenye waya uliowekwa kulinda uhai wa watu, na kifaa cha kukata umeme unapovuja, kama unacho, kitakuwa kinakata kila mara. Kama hunacho, ni hatari zaidi. Zima swichi kuu, fungua kisanduku kimoja, piga picha uiweke hapa.

Mama Wawili Tabata

Ipo swichi isiyohitaji nyutro. Mimi ninayo chumbani, ila taa ya LED inabaki kuwaka kidogo kidogo hata nikiizima.

Waya Tatu

Kwa sababu swichi hiyo hujipatia umeme wake kwa kuupitisha kwenye balbu. Kuna kapasita ndogo hufungwa sambamba na taa ili kuondoa mwanga huo. Mwombe fundi anayeelewa, si wa kitambaa.

Keko Darajani

Picha hiyo hapo. Ninaona nyaya mbili tu, zote nyekundu.

Waya Tatu

Zote mbili ni za laini: moja inashuka na nyingine inarudi kwenye taa. Nyutro yako iko darini, penye taa yenyewe. Tafuta kifaa kidogo cha kuweka huko juu, swichi ya ukutani iache kama ilivyo.