Mionzi mara tano au wiki sita kwa uvimbe mdogo wa pafu?

Kitindamimba:
Habarini ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 76, amekutwa na saratani ya pafu la kulia. Uvimbe una sentimita 2.4, haujafika kwenye tezi wala kusambaa. Upasuaji hauwezekani, amevuta sigara miaka mingi, na akipanda ngazi chache tu anahema. Daktari mmoja anasema apigwe mionzi ya kulenga, SBRT, mara tano basi. Mwingine anasema mionzi ya kawaida, kila siku kwa wiki sita. Mimi naona ya siku nyingi ndiyo itakayomaliza ugonjwa. Mara tano zitatosha kweli? Halafu kuna jamaa katutajia protoni, aina nyingine ya mionzi. Aliyepitia anisaidie, silali.

Mama Pili:
Pole sana mwanangu. Usihesabu siku, hesabu dozi. Mimi nilipigwa SBRT mara nne, grei 12 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kila mara. Kwenye ile ya kawaida unapata kama grei 2 kwa siku, na seli za saratani zinapata nafasi ya kujitengeneza kabla ya kesho yake. Australia na New Zealand walilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 101, matokeo yakatoka 2019: uvimbe ulirudi palepale kwa asilimia 14 ya waliopata SBRT, na asilimia 31 ya waliopata ya kawaida. Hapo ndipo nilipoacha kubishana na daktari wangu.

Hakuna maumivu. Unalala mikono juu ya kichwa, mkanda umekubana tumboni ili pafu lisicheze sana. Muda mwingi unaishia kwenye kukupanga sawasawa. Nilichoka wiki mbili. Mwezi wa tatu kikaja kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi. Pafu lilikuwa limevimba kwa ajili ya mionzi, nikapewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, likatulia. Baba akianza kukohoa hivyo msisubiri.

Fundi wa Mionzi:
Nafanya kazi kwenye chumba cha mionzi. Kabla ya yote, uliza uvimbe uko wapi. Ukiwa ndani ya sentimita 2 kutoka njia kuu za hewa, dozi kubwa za mara tatu zinaweza kujeruhi njia hizo, hata mgonjwa akatokwa damu. Hapo dozi hugawanywa mara tano, nane au zaidi. Ukiwa pembeni karibu na mbavu, SBRT ndiyo chaguo la kwanza, ingawa ubavu unaweza kuuma baadaye. Protoni kwa uvimbe mdogo hivi haijaonyesha kuishinda SBRT, msihangaike kuitafuta.

Kitindamimba:
Asanteni sana. Nimesoma tena karatasi ya vipimo: uko pembeni, sentimita 5 kutoka njia kuu. Mama Pili, ule mkanda, mtu anayehema kama baba atauvumilia?

Mama Pili:
Mwambie aseme mapema, siku ile ya kupimwa. Mimi walinilegezea kidogo, wakapima upya jinsi ninavyopumua.